Kabla Umlipe Mtoto Soo Mbili Asimame Kona, Soma Hii

Mwezi uliopita nilifutiwa mbio zangu bora za siku, na nilistahili kufutiwa. Jumapili hiyo sikuona hivyo hata kidogo. Niliondoka uwanjani nikiwa nimenuna, na usiku nikaandika kwenye group pendekezo ambalo leo nataka kulikana hadharani.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: kuna watu kama kumi na watatu tunakutana Jumapili kwenye kiwanja cha murram huku Kitengela kukimbiza magari ya rimoti. Si zile za supermarket za kumtulizia mtoto analia. Hizi ni buggy zenye springi, diff na betri ya maana, na tunashindana kwa makundi. Kila kundi linakimbia dakika 5. Ukimaliza huendi kukaa. Unaweka gari chini, unatembea hadi kona uliyopangiwa, unasimama hapo kundi linalofuata likikimbia, na gari lolote likipinduka karibu nawe unalisimamisha. Huyo anayesimama ndiye marshali. Hana cheo wala malipo.

Sasa mimi nilimaliza wa tatu, nikafurahi, nikachukua simu nirekodi clip ya nyinyi wafuasi wangu. Kona ya nne ilibaki bila mtu. Mzee mmoja wetu, ambaye ndiye aliyetuanzishia haya mambo, akapinduka hapo hapo. Gari lake lililala miguu juu kama mende aliyepuliziwa dawa, magurudumu yanazunguka hewani, yeye amesimama kule jukwaani na rimoti mkononi, haruhusiwi kushuka. Hadi mtu wa kona ya sita alipokimbia kumsaidia, karibu nusu dakika ilikuwa imeenda. Kwenye mbio za dakika 5, hapo umekwisha.

Adhabu yetu ni ile inayotumika kwenye vilabu vingi duniani: ukikosa kusimama kona, matokeo yako bora ya mchujo yanafutwa. Basi nikafutiwa. Ndiyo nikaandika kwenye group: wasee, kuna watoto wa mtaa hukuja kutazama kila wiki. Tuwalipe soo mbili kila mmoja wasimame kona, sisi tupumzike kama watu wazima. Nilipata vidole gumba saba kabla ya kulala.

Asubuhi nilianza kutafuta hoja za kuongezea. Nilitaka kuonyesha kwamba hii sheria ni ushamba wetu tu, kwamba wenzetu waliotangulia walishaachana nayo. Nilisoma siku tatu na nikapata kinyume chake.

Ukitaka kuelewa marshali, anza kabla hata ya rimoti. Miaka ya 1950 na 1960, Uingereza na Marekani kulikuwa na kichaa cha magari madogo ya umeme yanayofuata mfereji kwenye ubao. Jina ambalo wengi wenu mtakuwa mmelisikia ni Scalextric, lililoingia sokoni mwaka 1957. Kila gari lina mfereji wake, unaongeza na kupunguza moto kwa kidole. Ukiingia kona kwa pupa, gari linaruka nje, na hakuna namna ya kulirudisha ukiwa umesimama mahali pako. Kwa hivyo mtu alikaa kwenye kona. Kazi yake ilikuwa kuokota gari lililoruka na kulirudisha kwenye mfereji wake, tena haraka, kwa sababu gari lililolala kwenye mfereji wa mwingine lingeharibia watu wawili.

Halafu rimoti ikaja. Mwaka 1966 kampuni moja ya Italia, El-Gi ya Reggio Emilia, ilitoa Ferrari 250 LM ya kipimo cha 1:12, na ndiyo inayotajwa kuwa gari la kwanza la rimoti kuuzwa madukani. Mwaka uliofuata Wamarekani tayari walikuwa na chama chao, ROAR. Mwaka 1976 Tamiya wa Japani wakatoa Porsche 934 ya umeme, na mchezo ukaingia kwa watu wa kawaida. Baadhi ya wale wa mfereji walihamia huku na mizigo yao yote. Associated Electrics ya California, waliotoa RC10 mwaka 1984, gari ambalo wakongwe hulitaja kama Mkenya anavyotaja Peugeot 504, walianzia kwenye mambo ya mfereji. Mimi naona desturi ya kusimama kona ilihama nao. Sijui ni nani angeiacha nyuma, maana shida ilikuwa ile ile, na sasa gari halikuwa na mfereji wa kulishika.

Hebu fikiria tofauti na mbio za magari makubwa. Kwenye Safari Rally, tangu ile ya kwanza mwaka 1953, gari likizama kwenye matope dereva na msaidizi wake wanashuka, wanachimba, na wanakijiji wanasukuma. Sisi Wakenya tunaijua hiyo vizuri. Kuna watu Naivasha wamesukuma gari la mzungu na bado wanasimulia. Marshali wa rally naye ni mtu wa kujitolea, lakini kwa kawaida yeye si mshindani. Hakukimbia saa mbili na hatakimbia saa nne. Kwenye rimoti dereva yuko mita ishirini mbali na gari lake, hawezi kushuka, na mtu pekee wa kumwokoa ni mshindani mwenzake.

Na kwa nini awe yule aliyemaliza kukimbia, si yule anayesubiri? Hili nililipata nikafurahi kwa sababu jibu lake ni la kawaida kabisa. Betri za nickel-cadmium za wakati ule zilikaa dakika chache tu, ndiyo maana mbio zilikuwa za dakika 5 au 8. Makundi yalikuwa mengi na yalifuatana upesi. Anayesubiri zamu yuko mezani: anachaji, anakaza skrubu, anabadilisha matairi. Aliyemaliza ana gari la moto ambalo lazima lipoe, na mikono mitupu. Vilabu vya Uingereza vilikodisha kumbi za shule wakati wa baridi, wanachama wenyewe wakatandaza kapeti jioni na kulikunja usiku. Pesa ya kuajiri mtu haikuwepo.

Kazi nyingine uwanjani zilikuwepo pia, na hapa ndipo nilipoanza kubadilika. Kulikuwa na wahesabu raundi, watu waliokaa na karatasi na kalamu, kila mmoja akifuata gari lake kwa macho asipepese. Kulikuwa na mtu wa masafa. Marekani, bendi ya 27 ya magari ya umeme ilikuwa na chaneli 6, kila moja na rangi yake: kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu. Wawili wakiwasha rangi moja, mmoja anaongoza gari la mwenzake hadi ukutani. Kwa hivyo kulikuwa na ubao wenye vibanio. Huna kibanio cha rangi yako, huwashi rimoti.

Leo hao wote hawapo. Kampuni ya Uholanzi, AMB, ilileta mashine: kifaa kidogo ndani ya gari kinapita juu ya waya uliozikwa kwenye mstari, na kompyuta inahesabu. Mkikimbia marathon na kile kibandiko cha muda, mnatumia wazo hilo hilo. Katikati ya miaka ya 2000 rimoti zikahamia 2.4 GHz, zinazojitafutia nafasi zenyewe, na ubao wa vibanio ukaenda kukaa stoo. Betri zimekuwa bora mara dufu. Kila kitu kimebadilika ila jamaa aliyesimama kwenye kona juani akingoja gari la mwenzake lipinduke.

Pesa zilikuja, hilo nimekubali. Mwaka 1985 kulifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya 1:10 ya nje ya lami, kule Del Mar, California, na Jay Halsey na Gil Losi Jr. wakatoka mabingwa. Kuanzia hapo kuna madereva wanaolipwa na viwanda, wenye mafundi wao. Hata hivyo ukitazama video za mbio kubwa utaona jina kubwa limetoka jukwaani, limevaa kikoti cha rangi kali, limesimama kona kama wewe na mimi.

Adabu ya kona sasa. Hii sikuifundishwa, niliirithi kwa kukemewa, na ningependa mtu angenikalisha chini mapema.

Unafika kona yako kabla honi haijalia. Mkononi huna rimoti, huna soda, na wueh, huna simu. Unatazama yanakotoka magari. Ukitazama gari lako ukipendalo likienda, lingine litakupiga kifundo cha mguu. Gari la 1:8 lina uzito wa kilo 3 na kitu na linaweza kupita kilomita 60 kwa saa, kwa hivyo unangoja nafasi ndipo uvuke. Kama ni la mafuta, unavaa glavu, maana eksozi inaunguza. Magari mawili yakipinduka, unaanza na lililo karibu, si la beste yako. Unalirudisha pale lilipotokea, likitazama mbele, na hulitupi mbele ya gari linalokuja. Hulikarabati. Tairi likiwa limetoka, unaliweka kando na kurudi mahali pako, kwa sababu ukianza kukaza nati za mmoja utamkaziaje wa pili?

Dereva naye ana yake. Ukipinduka unaachilia moto mara moja. Kuna vidole vya mtu vinakuja karibu na magurudumu na gia. Unaita kona, huiti jina la mtu. Na hutukani. Vilabu vingi vinaadhibu dereva anayemfokea marshali, na sasa najua kwa nini.

Sababu ni hii. Anayekuokota anaweza kuwa anapigania nafasi na wewe. Akitembea badala ya kukimbia, umepoteza sekunde tatu, na hakuna mtu duniani atathibitisha kwamba alifanya makusudi. Mashine ya AMB haioni hilo. Kinachomzuia ni kwamba baada ya dakika kumi anaweza kujikuta jukwaani na wewe ukiwa kona. Nimejaribu kufikiria sheria ya maandishi ambayo ingefanya kazi hiyo vizuri zaidi na sijapata.

Sasa rudi kwa watoto wangu wa soo mbili. Mtoto wa miaka kumi akisimama kona, hana zamu jukwaani. Mimi nikimfokea, na najijua, ningemfokea, hakuna siku gari lake litapinduka mbele yangu. Nimeona jinsi watu wazuri kabisa, watu wa kanisa, wanavyoongea na mtoto wa kazi akichelewesha chai. Tungemgeuza kuwa mtoto wa kazi wa uwanjani, pale ambapo gari la kilo 3 linaruka hewani. Na akigongwa mguu nani anampeleka hospitali, group ya WhatsApp?

Najua mtasema kuna wasioweza. Ni kweli, na hilo nalo lina njia yake ya zamani: asiyeweza kusimama anatafuta mwenzake amsimamie, na vilabu vingi vinakubali. Mzee wetu ana goti bovu. Tulimwambia asisimame. Amekataa, anaenda na kistuli chake sehemu iliyonyooka, ambako magari hayapinduki sana, na anakaa hapo akitazama magari kama askari wa zamu.

Nilifuta pendekezo. Wale waliokuwa wameweka vidole gumba waliniuliza kama nimeokoka. Badala yake tuna gari moja la akiba, limechakaa, limefungwa kwa zip tie pande mbili, na tumekubaliana kijana yeyote mkubwa kiasi anayetaka kusimama kona lazima kwanza akimbie. Wa kwanza alikuwa wa Form Three, mrefu, kimya. Alikimbia akawa wa mwisho, akaenda kona ya nne bila kuambiwa.

Kundi langu lilikuwa linalofuata. Raundi ya sita mimi na mzee tulipinduka pamoja pale pale, lake karibu naye, langu hatua nne mbali. Aliokota la mzee kwanza. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga, nikaachilia moto, nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Akalisimamisha langu likitazama mbele, akarudi mahali pake. Nilimaliza wa tano, nikaweka gari chini, nikaacha simu kwenye begi.