Hirola Alivyotafutiwa Ukoo

Mwaka 1888 mwindaji Mwingereza, H.C.V. Hunter, alikutana kando ya mto Tana na swala ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa bado hawajamwandika. Mwaka uliofuata Philip Sclater, katibu wa Chama cha Zoolojia cha London, alimpa jina la kisayansi: Cobus hunteri. Jina la mwindaji likaingia vitabuni. Wafugaji waliolisha mifugo yao uwanda mmoja na swala huyo, hirola, hawakupata nafasi katika jina hilo.

Sclater alimweka kundi moja na kuro. Hapo hakukaa sana. Wengine walimhamishia kwa nyamera, na mwaka 1912 Edmund Heller, Mmarekani aliyefuatana na Theodore Roosevelt katika msafara wake wa Afrika Mashariki, akamtengea jenasi yake peke yake, Beatragus. Wengi hawakukubali. Kwa miongo kadhaa hirola aliendelea kuandikwa kama aina ya nyamera, ingawa ana weupe unaozunguka macho kama miwani, na pembe zake ndefu zimepinda kwa namna yake.

Hoja ya Heller ilithibitika polepole. Mwaka 1965 Louis Leakey alieleza visukuku vya Olduvai, Tanzania, vya jamaa wa kale wa hirola, Beatragus antiquus. Kumbe ukoo huu ulienea mbali zaidi ya Garissa, Kenya, makazi ya asili ya hirola. Baadaye kromosomu zake zilihesabiwa zikawa 44, tofauti na za nyamera. Vinasaba navyo vilionyesha kwamba yuko karibu zaidi na kongoni kuliko nyamera. Katika jenasi hiyo, aliyebaki hai ni hirola peke yake.

Ubishi huo ungeishia makumbusho lau si ugonjwa wa sotoka. Miaka ya 1970 hirola walikuwa zaidi ya elfu kumi. Kati ya 1983 na 1985 ugonjwa huo ulifagia wengi wao. Hifadhi ya Arawale ilikuwa imetangazwa tangu 1974, lakini hifadhi haizuii maradhi. Mwaka 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitaka kuwapeleka baadhi yao Tsavo Mashariki, ambako wengine walikuwa wamepelekwa 1963. Wakazi wa Garissa wakaenda Mahakama Kuu, nayo ikaamua kwamba sheria haikulipa shirika mamlaka ya kuwaondoa wanyama katika makazi yao ya asili. Hata hivyo, kundi dogo lilifika Tsavo mwaka huohuo.

Kwa maoni yangu, wakazi wale walikuwa na hoja, na iliyofuata iliwapa nguvu. Mwaka 2007 jamii ya Ijara, Garissa, ilianzisha hifadhi yake, Ishaqbini, na mwaka 2012 hirola wapatao 48 wakawekwa ndani ya uzio unaozuia simba na fisi, papo hapo kwao. Huko wakazaana. Bado idadi yote iliyobaki duniani ni ya mamia tu, na wakiisha, Afrika bara itakuwa imepoteza jenasi nzima.