Majani ya dawa na kansere: labo inayapima namna gani?

Katika masoko ya Bukavu, Goma ao Bunia, mutu akiuliza dawa ya kansere, hakosi mwenye kumuuzia majani. Wengine wanaongeza: «Hata wazungu waliyapima mu labo.» Mara ingine ni kweli yalipimwa. Lakini kupimwa ni kitu kimoja, kuponya ni kingine.

Tuchukue mubirizi, yale majani machungu yanayonywewa juu ya malaria na minyoo. Mwaka 2003, mutafiti wa chuo kikuu cha Jackson State, Marekani, alitangaza kwamba maji ya yale majani yanazuia seli za kansere ya ziwa kuongezeka. Lakini seli zile zilikuwa ndani ya chombo cha labo, hazikuwa ndani ya mwili wa mwanamuke.

Kazi inaenda hivi. Kwanza mujuzi wa mimea anahakikisha jina la muti. Majani yanakaushwa kivulini, yanasagwa, yanalowekwa ndani ya maji ao alkoli, kisha yanachujwa. Ile dawa inatiwa kidogo kidogo juu ya seli za kansere, na pia juu ya seli zenye afya. Halafu inaongezwa rangi ya manjano: seli hai inaigeuza kuwa zambarau, iliyokufa haiigeuzi. Kama seli zenye afya nazo zimekufa, ile ni sumu tu. Hata mayi ya javel inaua seli za kansere mu kichupa.

Kisha wanatafuta ni kitu gani ndani ya majani kinachofanya kazi. Wanakijaribu kwa panya, halafu kwa watu, hatua kwa hatua. Mimea mingi inabaki njiani. Tangu 1960 mpaka 1982, Marekani ilipima aina karibu 35.000 za mimea juu ya kansere. Dawa zilizofika hospitali ni za kuhesabu kwa vidole.

Hata hivyo, kuna majani yaliyofika. Mwaka 1952, munganga Robert Noble wa Kanada alipokea majani ya pervenche ya Madagaska, yaliyotoka Jamaika, kule watu waliyanywa juu ya kisukari. Panya waliodungwa ile dawa walikufa, juu chembe nyeupe za damu zilipungua sana. Noble na mwenzake Charles Beer wakaelewa: kinachopunguza chembe nyeupe kinaweza kusaidia kwa kansere ya damu. Kutoka majani yale ilipatikana vinblastine, kisha vincristine.

Leo vincristine inatibu watoto wenye kansere ya damu, na wale wenye kansere ya Burkitt, inayovimbisha taya katika maeneo yenye malaria nyingi. Lakini gramu moja inaomba mamia ya kilo za majani makavu, na kipimo kikizidi kinaua. Chai ya pervenche haiwezi kuchukua nafasi yake, ni sumu.

Kwa hiyo mama anayegusa uvimbe kwenye ziwa, ao muzazi anayeona taya la mutoto linavimba, aende hospitali bila kukawia. Kama alishaanza kunywa majani, asifiche: amwambie munganga, juu majani mengine yanagombana na dawa. Kansere haingoje labo imalize kazi yake.