Kufua, Kuosha, Kuogesha: Historia ya Vitenzi vya Usafi katika Kiswahili na Matumizi Yake Kiwanjani, Isiolo

Katika mtaa wa Kiwanjani, mjini Isiolo, Kiswahili hukutana kila siku na Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Kimeru. Huko, kama ilivyo katika sehemu nyingi za bara la Kenya, mtu husikika akisema kwamba anaosha nguo, anaosha mikono na anaosha sahani. Walimu wengi huyahesabu matumizi hayo kuwa makosa, kwani Kiswahili sanifu hufua nguo, hunawa mikono na huosha vyombo. Makala haya yanadai kwamba hukumu hiyo, japo ina msingi wake, haitoshi bila historia ya vitenzi vyenyewe.

Kitenzi fua hakikuanza na maji. Asili yake ni mzizi wa Kibantu *-túd-, wenye maana ya kuponda chuma kwa nyundo. Katika Kigikuyu mzizi huo umebaki katika neno mũturi, yaani mhunzi. Konsonanti iliyodumu katika Kigikuyu imedondoka katika Kiswahili, kama inavyodhihirika katika mbura na mvua. Kiswahili nacho kingali na mfua chuma na mfua dhahabu. Nazi hufuliwa kwa kifuo, na asiyeweza jambo huambiwa kwamba hafui dafu. Nguo, basi, zilifuliwa kwa sababu zilipigwa juu ya jiwe. Fikra hiyo si ya pwani peke yake: Kigikuyu husema kũhũra nguo, na hũra maana yake ni kupiga. Tanzania leo hata umeme hufuliwa, na hapo maana ya uhunzi imerudi bila maji wala sabuni.

Osha ni mtoto wa oga. Ni umbo la kale la kusababisha, linalofanana na washa kutokana na waka. Jamaa zake wako mbali: Luganda ina yoza kwa kufua nguo, na naaba inayolingana na nawa ya Kiswahili. Katika Kiunguja kiambishi ku- kimeshikamana na mzizi, yakapatikana koga na kosha. Ndiyo asili ya jina la sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi.

Baadaye lugha iliunda usababishi wa pili, ogesha, na maana zikagawana kazi. Mtoto huogeshwa, sahani huoshwa. Aogeshwaye angali mtendaji kwa kiasi fulani, kwa kuwa anaoga kwa msaada wa mwingine. Kioshwacho hakina hiari. Maiti huoshwa. Hapa ndipo ilipo nguvu ya methali "Mwosha huoshwa": kauli ya kutendwa inamhamisha mwenye mikono hodari hadi upande wa vitu. Msomaji asiyeuona mpaka kati ya osha na ogesha ataielewa maana ya methali, lakini ukali wake utampita.

Uislamu uliongeza tawadha, udhu na tohara kutoka Kiarabu, lakini haukuving'oa vitenzi vya Kibantu. Maneno hayo yalichukua uwanja wa ibada. Dhana kwamba msamiati wa usafi wa Waswahili ulitoka ng'ambo haina mashiko. Kilichotoka ng'ambo kwa hakika, pamoja na istilahi za ibada, ni jina la mtu wa kazi hiyo, dobi, lenye asili ya Kihindi.

Kuhama kwa maana namna hii si ajabu ya Kiswahili. Lugha za Skandinavia zilirithi kitenzi kimoja cha kuosha, ambacho Kiaisilandi kimekihifadhi kama þvo. Kiswidi hutumia tvätta, kutoka shina hilohilo, ilhali Kidenmaki husema vaske. Na vaska ya Kiswidi hutumika kwa kuchekecha dhahabu majini.

Turudi Isiolo. Kisomali husema dhaq kwa nguo na kwa vyombo pia, na neno lenye umbo hilo limo katika xoolo-dhaqato, yaani wafugaji. Mwenye lugha hiyo akiitandaza osha hadi kwenye nguo, anafuata mantiki anayoijua. Tena katika beseni hakuna kinachopigwa. Hilo si uvivu wa akili. Hata hivyo, kuna hasara: osha ikimeza fua na nawa, mwanafunzi anapoteza ufunguo wa mafumbo mengi ya fasihi.

Dawa yake si alama nyekundu pekee. Mji wa wafugaji unalifahamu josho, bwawa la dawa ambamo ng'ombe huogeshwa. Jina limetoka katika osha, kitenzi kimetoka katika ogesha, na vyote viwili katika oga. Mwalimu akianzia hapo, darasa litaiona historia ya lugha katika neno ambalo tayari ni lake.