Pengo la Sita: Tarakimu za Kumi Katika Mashine za Hali Mbili

Msemaji wa Kiswahili atamkapo "kumi na tatu" hutaja wazi kumi na kile kilichozidi. Swichi ya umeme haijui kumi. Inazo hali mbili tu, kufungwa na kufunguliwa. Historia ya kujumlisha kwa mashine ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kuzipatanisha namna hizi mbili za kuhesabu.

Mwaka 1937 George Stibitz, mwanahisabati wa Bell Telephone Laboratories nchini Marekani, aliunda nyumbani kwake, kwa swichi za simu, chombo kidogo cha kujumlisha kwa mfumo wa mbili. Hata hivyo, katika mashine yake kubwa iliyoanza kazi mwaka 1940, kila tarakimu ya mfumo wa kumi iliandikwa peke yake kwa alama nne za 0 na 1.

Hapo ndipo penye tatizo. Alama nne hutoa mipangilio 16, na tarakimu ni 10. Hivyo mipangilio 6 haina maana yoyote. Nane ni 1000, na tano ni 0101. Jumla yake ni 1101, ambayo si tarakimu. Lazima iongezwe sita, yaani 0110, ili kuliruka pengo hilo: hupatikana 1 0011. Moja huhamia kwenye makumi, na tatu hubaki.

Stibitz alilijaza pengo mapema: kila tarakimu iliandikwa ikiwa imeongezwa tatu. Tarakimu mbili zikijumlishwa huleta sita iliyohitajika, na kumi huhama yenyewe. Hubaki kusahihisha tu: kuongeza tatu ikiwa kumi limehama, au kupunguza tatu ikiwa halikuhama.

Mwaka 1946 Burks, Goldstine na von Neumann walitetea mfumo wa mbili mtupu, nao ndio uliotawala baadaye. Lakini UNIVAC I ya mwaka 1951 ilifuata mpango wa kuongeza tatu. Na Intel 4004 ya mwaka 1971, iliyobuniwa kwa ajili ya mashine za hesabu za Busicom ya Japani, ilikuwa na amri maalumu ya kuongeza sita.

Sababu yake ni nzito. Sehemu moja ya kumi haina mwisho ikiandikwa kwa mfumo wa mbili. Mahali fulani ni lazima ikatwe, na katika hesabu za fedha kilichokatwa ni mali ya mtu. Basi sita ile si kasoro ya uhandisi. Ni gharama ya kuifanya mashine iheshimu tarakimu za wanaoitumia.