Pizza ya mboga nyumbani: hata bila tanuri, bila nyanya ya mukebe na bila fromaji

Katika miji kama Goma na Bukavu, pizza inajulikana kama chakula cha restora. Wengi wanafikiri inaomba tanuri ya umeme, nyanya ya mukebe na fromaji nyingi. Kumbe pizza ni mkate mwembamba wenye kupakwa mchuzi na kuwekewa vitu juu. Jamaa yenye mbabula, kikaango chenye kifuniko na mboga za soko la Kadutu ao la Virunga inaweza kuipika vizuri.

Fromaji si lazima

Pizza ya leo ilitokea mjini Napoli, inchini Italia, kama chakula cha watu wa kipato kidogo. Aina moja ya zamani ya kule, marinara, haina fromaji hata kidogo: ni nyanya, kitunguu saumu, origano na mafuta ya zeituni. Mwaka 2017, UNESCO iliandika ufundi wa wapishi wa pizza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Basi mama mwenye kupika pizza bila fromaji hajakosea kitu.

Kwa Kivu jambo hili lina uzito. Fromaji ya Masisi, yenye kutengenezwa na maziwa ya ngombe wa milimani, inashuka Goma kwa njia ya Sake. Vita ikifunga njia, fromaji inapungua sokoni na bei inapanda. Mboga za karibu ndizo zinabaki.

Unga

Kwa pizza 2 za ukubwa wa sahani:

- unga wa ngano gramu 300
- maji ya vuguvugu mililita 180
- levire (hamira) kavu, kijiko kidogo 1
- chumvi, kijiko kidogo 1
- mafuta, vijiko vikubwa 2

Mpishi anachanganya vyote, anakanda kwa dakika 10 mpaka unga ulainike na usishike mikono, kisha anaufunika kwa kitambaa. Kwa kawaida saa moja inatosha. Lakini kwenye baridi ya Goma ao Bukavu unga unaweza kukawia. Afazali kuuweka karibu na mbabula na kungoja mpaka uvimbe mara mbili.

Mchuzi: njia 4

*Maharagi.* Yanachemshwa mpaka yaive kabisa, yanapondwa pamoja na kitunguu cha kukaanga, kitunguu saumu na maji ya ndimu. Yanashibisha, na watoto wanapata protini hata siku nyama haipo.

*Biringanya.* Inachomwa nzima juu ya makala mpaka ganda liwe jeusi. Ganda linatolewa, nyama ya ndani inapondwa na chumvi na mafuta.

*Karanga.* Karanga za kusaga zinalainishwa kwa maji ya moto na pilipili kidogo. Zipakwe nyembamba, sababu ni nzito.

*Avoka.* Inapondwa na ndimu, lakini inapakwa kisha pizza kuiva. Ikikaa motoni inakuwa chungu.

Mboga za juu

Kosa la kwanza ni maji. Nyanya, uyoga na lengalenga vikiwekwa vibichi, mkate unalowana. Lengalenga zipitishwe kwenye maji ya moto kisha zikamuliwe. Uyoga, karoti na puavro (pilipili hoho) vikatwe vyembamba na vikaangwe kidogo mbele. Nyanya zitolewe mbegu. Sombe nayo inafaa, lakini ile tu yenye imekwisha kutwangwa na kupikwa muda mrefu: majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Kupika juu ya mbabula

1. Unga unasukumwa mwembamba, kisha unawekwa kwenye kikaango cha moto bila mafuta.
2. Kisha dakika 3 ao 4, chini ikishika rangi, unageuzwa.
3. Makala zinapunguzwa. Mchuzi na mboga vinawekwa juu ya upande wenye umeiva.
4. Kikaango kinafunikwa kwa dakika 5 hivi.

Wenye kuzoea kupika gato kwenye sufuria kubwa yenye mchanga, na makala juu ya kifuniko, wanaweza kutumia njia ile ile. Hapo pizza inaiva pande zote bila kugeuzwa. Fromaji ikipatikana, gramu 50 za kukwaruzwa zinatosha kwa pizza moja.

Angalisho

Mvua ikinyesha, wengi wanaingiza mbabula ndani ya nyumba na kufunga mlango. Makala yenye kuwaka inatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na gesi ile inaua watu ndani ya usingizi. Pizza ipikwe inje, chini ya baraza, ao mlango na dirisha vibaki wazi. Na mbabula isilale ndani hata kama moto unaonekana umekwisha.