Jinsi dawa zinavyozuia vipokezi vya muskarini ubongoni na moyoni

MKULIMA aliyedhurika kwa baadhi ya dawa za kuua wadudu hufikishwa hospitalini akitokwa na mate na jasho jingi, akipumua kwa shida, na mara nyingi moyo wake ukipiga polepole. Miongoni mwa dawa za kwanza ambazo daktari humdunga ni atropini, nayo huweza kuyaokoa maisha yake. Hata hivyo, dawa za aina hiyo hiyo zikimezwa na mzee wa miaka 80 zaweza kumvuruga akili na kumsahaulisha mambo.

Ili kuelewa ni vipi dawa za kundi moja huleta matokeo yanayotofautiana hivyo, ni sharti kuvifahamu vipokezi vya muskarini.

Mishipa ya fahamu hupeleka ujumbe wake kwa kutumia kemikali. Mwanasayansi Otto Loewi alithibitisha jambo hilo mwaka wa 1921 kwa kutumia mioyo ya vyura. Aliusisimua mshipa wa vagasi wa moyo mmoja hadi mapigo yakapungua, kisha akauhamishia moyo wa pili maji yaliyouzunguka ule wa kwanza. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo. Kemikali iliyofanya kazi hiyo ni asetilikolini. Loewi alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1936 pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Asetilikolini hufanya kazi kwa kujishikiza kwenye protini zilizo juu ya seli, ziitwazo vipokezi. Kundi moja la vipokezi hivyo lilipewa jina la muskarini, sumu iliyotolewa katika uyoga mwekundu wenye madoa meupe mnamo 1869, kwa kuwa sumu hiyo nayo huvisisimua.

Vipokezi hivi ni vya aina tano, kuanzia M1 hadi M5. M1 hupatikana kwa wingi katika gamba la ubongo na sehemu zinazohusika na kumbukumbu. M2 ndiyo aina kuu ya moyoni. Ikisisimuliwa, hufungua njia za potasiamu katika seli zinazoanzisha mapigo, na moyo hupunguza mwendo. M3 huendesha tezi za mate na jasho pamoja na misuli ya utumbo na kibofu. M4 na M5 zimo zaidi ubongoni.

Dawa ya kuzuia hukalia kipokezi bila kukisisimua, mithili ya ufunguo unaoingia kwenye kufuli lakini haugeuki. Asetilikolini hukosa pa kushika. Huu ni ushindani: kemikali iliyo nyingi zaidi ndiyo hutwaa nafasi. Sumu ya wadudu ya kundi la oganofosfati huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, nayo kemikali hiyo hurundikana. Ndiyo sababu daktari hulazimika kurudia atropini mara kwa mara hadi mapafu ya mgonjwa yakauke na moyo urejee katika mwendo wake. Atropini haiponyi udhaifu wa misuli, kwani misuli hiyo hutumia vipokezi vya aina nyingine.

Atropini haichagui, huzuia aina zote tano. Kwa hiyo huongeza kasi ya moyo, hukausha kinywa, hupanua mboni za macho na, kwa kipimo kikubwa, huleta maruerue. Dalili hizo ndizo humpata mtu aliyekula mbegu za mnanaha, mmea wenye atropini na skopolamini ambao huota ovyo kandokando ya barabara na mashamba.

Je, dawa yaweza kuchagua aina moja tu? Mnamo 1980, watafiti waliilinganisha pirenzepini, dawa ya vidonda vya tumbo, katika tishu za ubongo na za moyo. Katika majaribio ya namna hii, tishu husagwa na kuchanganywa na kemikali yenye mnururisho inayoshika vipokezi, kisha dawa huongezwa kidogo kidogo ili kupima kiasi kinachohitajika kuing'oa kemikali hiyo. Pirenzepini ilishika vipokezi vya gamba la ubongo kwa nguvu zaidi kuliko vile vya moyo, ishara kuwa havikuwa vya aina moja.

Hata hivyo, dawa inayopendelea M1 si lazima imvuruge mgonjwa akili. Pirenzepini hupenya kwa shida kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, ilhali skopolamini hukivuka kwa urahisi. Hivyo, athari ya dawa hutegemea mambo mawili: aina ya kipokezi inachoshika, na mahali dawa yenyewe inapofika.

Maarifa hayo yamezaa matibabu mapya. Septemba 2024, Marekani iliidhinisha dawa ya skizofrenia inayounganisha zanomelini, ambayo husisimua M1 na M4 ubongoni, na trospiamu, ambayo huzuia vipokezi vya nje ya ubongo ili kupunguza kichefuchefu na kutokwa na mate.

Kwa msomaji wa kawaida, tahadhari ni moja. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, za kibofu na za maradhi ya akili, ikiwemo benziheksoli, huzuia vipokezi hivi. Zikitumiwa kwa pamoja, madhara hujumlishana, hasa kwa wazee: kufunga choo, mkojo kukwama, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Jamaa wanaweza kudhani ni uzee, kumbe ni dawa. Kwa hivyo, mgonjwa hana budi kumweleza daktari au mfamasia dawa zote anazotumia, zikiwemo zile za dukani, wala asiache dawa aliyoandikiwa bila kushauriwa.