Mapigo, Si Kasi ya Saa

Mwezi uliopita nilirudishiwa mswada wa kitabu cha kompyuta kwa wanafunzi wa sekondari. Mhariri alikuwa amelikata neno mapigo kila nilipoliandika, mara 41, na juu yake ameandika kwa wino mwekundu: kasi ya saa. Pembeni akaeleza kuwa hiyo ndiyo istilahi iliyopitishwa. Imepitishwa na nani, katika kikao gani, na kwa hoja zipi, hakusema. Kwa kuwa mimi sikuulizwa, naomba niwaeleze wasomaji.

Kasi ya saa ni clock speed iliyovuliwa nguo na kuvishwa kanzu isiyomkaa. Saa kwetu ni dakika 60, ni wakati, na ni chombo cha mkononi au ukutani. Ukiweka kasi na saa pamoja, sikio la Mswahili linakwenda barabarani: kilometa 80 kwa saa. Nimewahi kumsikiliza kijana mwenye cheti cha kompyuta akifundisha kwamba gigahezi 3 ni mapigo bilioni 3 kwa saa. Ni kwa sekunde. Amekosea mara 3,600, na aliyemkosesha ni istilahi.

Tena kompyuta ina saa yake ya kweli. Inaendeshwa na betri ndogo bapa kama sarafu, CR2032, iliyopachikwa kwenye ubao mkuu ili saa iendelee kutembea hata umeme ukizimwa. Siku moja nikiwa kwa fundi wangu, aliingia mteja amebeba kompyuta ya mezani, akaomba abadilishiwe betri hiyo ili kasi ya saa ipande. Fundi alimweleza kuwa haitasaidia. Mteja akashikilia kuwa amesoma. Ikabanduliwa kwa ncha ya bisibisi, ikawekwa mpya. Tarehe ilikaa sawa, na kompyuta ikabaki nzito vilevile. Yule bwana hakuwa mjinga. Alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa.

Wako wanaotuambia tuseme masafa. Neno hilo tulilichukua kwa Waarabu likiwa na maana ya umbali, na umbali halijauacha: mwanariadha wa masafa marefu hakimbii kwa gigahezi. Redio wamelizoea, waendelee nalo. Ndani ya kichakataji hakuna safari ya kupimwa. Kuna kifuwele kinachotetemeka, mtetemo wake ukazidishwa, na kila mtetemo ukawa amri ya kusogea hatua moja. Hilo ni pigo.

Na pigo lina nasaba. Limetoka kwa piga kama tendo lilivyotoka kwa tenda, na mchezo kwa cheza. Hakuna kitenzi cha Kibantu kilichotutumikia zaidi: tunapiga hodi, tunapiga pasi, tunapiga mbizi, tunapiga simu. Ngoma ina mapigo, moyo una mapigo, na saa yenyewe hatusemi imelia tu, twasema imepiga. Hata hao Waingereza tunaowafuata, neno lao clock lina asili ya clocca, Kilatini cha enzi za kati, yaani kengele. Na kengele hupigwa. Anayesema mapigo yuko karibu na mzizi kuliko anayesema saa. Kuna aliyenipinga kwamba pigo ni msiba, akanikumbusha mapigo ya Misri. Namuuliza: daktari akikushika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo ya moyo, unaanza kutubu?

Lakini kosa kubwa zaidi limo katika neno kasi, kwa sababu linaamua shindano kabla halijachezwa. Novemba 2000 Intel walitoa kichakataji cha Pentium 4, cha gigahezi 1.4 na 1.5, na wanunuzi wakafundishwa kusoma tarakimu hiyo kama spidi ya gari. Oktoba 2001 washindani wao, AMD, wakaleta Athlon XP. Ile waliyoiita 1800+ ilikuwa na gigahezi 1.53 tu, lakini katika majaribio mengi ilikwenda sambamba na Pentium 4 ya gigahezi 1.8, na mara nyingi ikaipita. Jina lenyewe lilikuwa kilio cha kampuni iliyochoka kuhukumiwa kwa hesabu isiyo yake. Pentium 4 ilikuwa imeikata kazi ya kila amri katika hatua 20, Athlon 10; yenye hatua nyingi hupiga haraka, lakini kila pigo husogeza kidogo. Mwaka 2006 Intel wenyewe waliithibitisha hoja hiyo: Core 2 Duo E6600 ya gigahezi 2.4 iliiacha nyuma Pentium 4 ya gigahezi 3.8.

Mwambie mwanafunzi kasi ya saa, na habari hiyo yote itakuwa kitendawili: vipi mwenye kasi ndogo amemshinda mwenye kasi kubwa? Mwambie mapigo, ataona mitumbwi miwili. Mmoja anapiga kasia harakaharaka kwa kasia jembamba. Mwingine anapiga polepole kwa kasia pana, na ndiye anayefika. Huhitaji mchoro.

Matumizi ni mepesi: pigo kwa mzunguko mmoja, mapigo kwa sekunde kwa gigahezi, kazi kwa pigo kwa kile kinachofanyika katika kila mzunguko, na kasi ibaki kwa matokeo ya jaribio lenyewe, sekunde zilizotumika kumaliza kazi ileile.

Wanaokaa vikaoni kutunga maneno nawaomba jambo moja: kabla ya kupitisha istilahi, mpeni fundi aitumie kwa juma moja mbele ya wateja wake. Mswada wangu nimeuandika upya. Unarudi kwa mchapishaji wiki hii, na mapigo yote 41 yamo.